Bafle Linalofunika

“Mama, enda nyuma ya nyumba, upige makelele,” adjudant, askari wa waasi, alimwambia mke wa mwenye duka. “Ya nguvu. Sawa mutu ameona nyoka.”

Jokébed alimtazama mumewe, Lusenge. Lusenge akatazama sakafu. Duka lilikuwa lake, lakini hapa Butembo, mwaka ule wa vita, mwenye bunduki akiingia dukani ndiye anayekuwa mwenye duka. Jokébed akakaza kitenge chake, akatoka.

“Sasa piga,” adjudant akamwambia Malachie, mwanamuziki aliyekuja naye.

Malachie alikuwa amechomeka gitaa lake la besi kwenye bafle dogo, sanduku lenye spika nne. Akapiga. Kila sauti ilitoka peke yake, safi, bila kuikanyaga nyingine. Kutoka nyuma ya nyumba walimsikia Jokébed akipiga ukelele, na mbwa wa jirani wakimjibu.

“Hii njo muzuri, afande,” Malachie alisema. “Na mwimbaji watamusikia.”

“Hapana. Mi nataka ile inafunika. Weye njo musicien, chagua: gani inafunika kila kitu?”

Masikio ya Malachie yalilitaka lile dogo. Lakini siku ile alikuwa na jambo kubwa kuliko muziki. Mdogo wake Éphraïm, aliyekuwa akifanya biashara ya mawese Kamango, alikamatwa njiani akaitwa mpelelezi, na sasa alikuwa ndani ya shimo la wafungwa, katika kambi ya waasi kule Beni. Mama yao alikuwa ameacha kula. Kambi ilikuwa ikiandaa sikukuu, kwa sababu wageni wa ng’ambo walikuwa wanakuja kuangalia kama ni kweli watu wanafungwa mashimoni. Na adjudant huyu, aliyetumwa kutafuta orchestre ya kutumbuiza, alikuwa amemwahidi Malachie kwamba wakipiga vizuri, kaka na mdogo wataonana.

Basi akaonyesha bafle kubwa lililokuwa pembeni, la spika moja pana kama ungo.

Alipogusa uzi wa chini, makopo ya maziwa yalitetemeka kwenye rafu, na kifua chake mwenyewe kikajaa. Aliendelea mpaka adjudant alipoinua mkono. Jokébed akarudi ndani, jasho usoni.

“Ulipiga makelele?”

“Nimepiga mpaka koo inaniuma, baba.”

Adjudant akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. “Hatukusikia kitu. Tunakamata hii.”

Lusenge alisaidia kulipakia mwenyewe. Hakuna aliyemwuliza bei.

Katika lori, kwenye barabara ya Beni, walilishika bafle huku na huku lisianguke.

“Na mudogo wangu, afande?”

“Mbona unauliza-uliza sawa mutoto? Bageni bakifika, mu shimo hapana kukuwa mutu. Mukubwa mwenyewe alisema. Bote tutabatosha inje ya shimo.”

“Siku ile ile?”

“Saa ile ile ya muziki. Ukiona hii kofia, béret yangu, juu, ujue njo tunamutosha. Pale upige na nguvu yote, sawa unapiga mu ndoa yake. Ukilegea, usiniulize tena kitu.”

Malachie aliushika mkono wa adjudant kwa mikono miwili, akamshukuru. Njia iliyobaki alikaa akiwaza wapi atamlaza Éphraïm usiku wa kwanza, kabla ya kumrudisha kwa mama.

Jumapili mchana wageni waliketi kwenye viti vya plastiki, chupa za soda mbele yao. Adjudant alilisogeza bafle mwenyewe, karibu kabisa na viti vile. Zorobabel, mwimbaji wao, akanung’unika.

“Malachie, mi hapa hata mimi mwenyewe sitajisikia.”

“Leo tikisa midomo tu, Zoro. Watafikiri ni ugonjwa.”

Wanamuziki wakacheka. Walikuwa hawajamsikia akitania tangu Éphraïm akamatwe.

Alianza na kipande ambacho Éphraïm alikuwa akikiimba kila alipooga, tangu utoto wao, akiigiza besi kwa mdomo. Alitaka ndugu yake, huko shimoni, ajue kwamba yaya wake, kaka yake mkubwa, amekuja.

Kisha, kando ya jiko la kambi, béret ikapanda juu.

Malachie akafungua ampli, kile kikuza sauti, mpaka mwisho. Soda zikatetemeka ndani ya chupa. Mgeni mmoja mweupe akaziba masikio huku akicheka, na wake wa maofisa wakainuka kucheza. Malachie hakuwahi kupiga hivyo maishani mwake. Ngozi ya vidole ilichubuka, nyuzi zikawa nyekundu, na machozi yakamtoka mbele za watu wote, wala hakuona haya. Alipiga mpaka béret iliposhuka.

Baada ya chakula, wageni walipelekwa kulitazama shimo. Lilikuwa tupu, limefagiwa. Wakapeana mikono na wakubwa, wakapanda magari yao, wakaenda.

Malachie alisimama karibu na lango, ameshika shati jeupe ambalo mama yao alikuwa amelipiga pasi. Alimtazama kila mtu aliyetokea upande wa jikoni. Mwishowe akatokea adjudant, akitafuna nyama ya mbuzi.

“Afande, mudogo wangu iko wapi?”

“Tulimutosha, vile nilikuambia.” Akampiga begani, kirafiki. “Na alikujua, ule. Alisikia besi tu, akaanza kuita, ‘Yaya, yaya.’ Kiisha ukafungua ampli, sauti yake ikapotea. Bafle ulichagua ya kweli, mzee: hata risasi, mi mwenye kuipiga sikuisikia.”