Asali Badala ya Kiapo

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakichanjiana undugu, Nyegere na Nungunungu walilambana damu wakaapa: atakayeumia asiweze kupona, mwenzake asimwache ateseke, ammalize.

Siku moja Nungunungu akaangukiwa na mti, mgongo ukavunjika. Nyegere, asiyeogopa simba wala nyuki, akaogopa kiapo. Kila asubuhi alimletea asali.

"Ndugu yangu, sikukuomba asali," Nungunungu alilia. "Timiza ahadi."

"Kula kwanza. Kesho utapata nafuu."

Majirani wakasifu, "Huo ndio undugu!" Nyegere akazidi kurina.

Siku ya saba alirudi na sega mkononi, akakuta pango la Nungunungu tupu. Alama za kujikokota zilielekea kwa Fisi. Akazifuata mbio. Mlangoni kwa Fisi ilibaki miiba tu.

"Umemuua ndugu yangu!"

Fisi, kwa mara ya kwanza, hakucheka.

"Alikuja mwenyewe, akanisihi. Akaniagiza nikwambie amefia usingizini, usije ukajilaumu. Mimi ni mwongo, Nyegere, kila mtu anajua. Lakini uongo huo umenishinda."