Maiti Aliyeomba Chai

Tarehe 14 Novemba. Asubuhi hiyo jua lilichomoza juu ya Naryn lakini halikupasha joto hata kuku, na mawingu ya theluji yalikuwa yanashuka kutoka milimani.

Maiti akapiga chafya.

"Kata," alisema Begimai, mwongozaji wa filamu. "Mzee, marehemu hapigi chafya."

"Marehemu hasikii baridi," mzee Asankul alijibu kutoka ndani ya sanda. "Nipe chai."

Begimai akamnywesha, akamvalisha soksi za sufu, akamfunika upya. Ilikuwa filamu ya kutisha: baba mlevi, mtoto anayeganda nje ya mlango uliofungwa, baba anayeapa kwamba ulifungwa na upepo, mama anayesikia hodi miaka thelathini mpaka akili inamhama. Yalibaki mazishi ya yule baba tu. Kamera ilikuwa ya kuazima, na jioni ilitakiwa iwe imerudi Bishkek, mji mkuu. Bila mazishi, hakuna filamu.

Imamu alikuwa imamu kweli wa kijiji, na aliweka sharti: dua hasomi, atauliza swali tu. Akawageukia wanaume arobaini waliosimama mbele ya jeneza, akauliza kama inavyoulizwa mazishini siku zote:

"Huyu alikuwa mtu wa namna gani?"

Walitakiwa kujibu mara tatu: alikuwa mtu mwema. Wakatazama viatu vyao. Ilikuwa mara ya sita.

"Jamani, ni maneno matatu," alisema Begimai. "Na kondoo niliyewachinjia mmemmaliza."

"Kondoo alikuwa mtamu," alikiri mzee Satar, mkubwa wao. "Lakini huu ni ushahidi, binti. Malaika anaandika tu. Hajui kamera ni nini."

"Mbona Jumabek alipokufa mlisema ni mwema, naye aliiba farasi?"

"Farasi tuliwapata."

Wawili watatu wakacheka, kisha wakaacha.

"Basi semeni uongo, nitatubu mimi kwa niaba yenu."

"Toba haitumwi kwa posta, mwanangu," alisema Satar.

Theluji ikaanza kudondoka juu ya sanda. Maiti akainuka, akakaa kitako, soksi zikachungulia. Safari hii hakuomba chai.

"Waache," alisema. "Nilijua hawatasema. Nilitamani tu kulisikia neno hilo mara moja, hata la kuigiza."

Begimai akanyoosha mkono kuizima kamera.

"Usizime." Mzee Asankul akawatazama mmoja mmoja, imamu akiwa wa mwisho. "Nyote ni mashahidi. Leo, kabla jua halijazama, nitakwenda kwenye kaburi la mwanangu Ulan, halafu hospitalini kwa mama yako, Begimai, nikawaambie wote wawili kwamba ule mlango haukufungwa na upepo. Niliufunga mimi."