Jogoo wa Nadhiri

Kabla hakujakucha, Mwanaidi alimpelekea jirani yake, Mzee Shekue, jogoo amchinjie.

"Si huyu uliyemweka nadhiri?"

"Ndiye. Mwanangu angepona, ningewalisha mayatima nyama yake. Mwanangu nimemzika. Na huyu kila alfajiri ananiamsha, kana kwamba nina cha kuamkia."

"Jogoo huwika akiona malaika, mama. Ukimsikia, muombe Mungu."

"Malaika aliyekuja kwangu alikuja kuchukua. Nichinjie!"

Mzee akaelekea kibla na kisu chake. Mwanaidi akambana jogoo mabawa. Chini ya kiganja chake akahisi kifua kikijaa pumzi, na jogoo akawika. Mashariki kulikuwa kumeanza kupambazuka.

"Ngoja," alisema.

Mzee akangoja. Mkono mmoja wa Mwanaidi uliachia bawa, ukabaki hewani, kiganja kimefunguka nusu, kama cha mtu anayeanza kuomba dua.