Kila Kitu Mahali Pake

Kiti cha karibu na jikoni kilikuwa kimesogea tena.

Mume alipiga magoti sebuleni, utepe wa kupimia mkononi, jasho likimtoka. Alipima kutoka pembe ya mlango wa mbele hadi kwenye mguu wa kiti, kisha akapima mara ya pili kwa sababu hakukiamini kipimo cha kwanza. Jibu lilikuwa lile lile. Hapa sipo alipokiacha.

Watu wa mtaani walimwita Bwana Sentimita, naye hakuchukia. Alikuwa mchora ramani za nyumba kwa kompyuta, na yeye na mkewe walipohamia hapa alianza kwa kuichora nyumba yao wenyewe. Pembe ya mlango wa mbele aliipa sifuri. Kuanzia hapo kila kitu kilipewa namba mbili, moja ya kwenda kulia na nyingine ya kwenda mbele. Kwenye mchoro wake kabati halikuburutwa kwa kubahatisha; aliliandikia namba mpya, likaruka na kutua hapo hapo. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu.

"Na mimi je, umeniandikia namba?" alimwuliza.

Siku hizi hakuna aliyecheka. Kwanza kilisogea kiti. Kisha cherehani ya mkewe, kisha kabati dogo la viatu, kisha kapu la nguo. Meza ya chakula ilikuwa imepungua, bawa lake moja la pembeni limekunjwa, na zulia nalo lilikuwa limekunjwa nusu na kusukumwa ukutani.

"Hiki kiti umekihamisha wewe?" alimwuliza mkewe wiki iliyopita.

Mke alikuwa akimmiminia chai, kidole kimoja kimegusa ukingo wa kikombe. "Nani, mimi? Kina miguu minne hicho, labda kimeamua kutembea."

Alicheka, ila kicheko kilikatika mapema. Kisha akamnyooshea sindano. "Hebu nitungie uzi, mwenzangu. Leo mikono yangu haitulii."

Alimtungia, asiulize tena. Angemwambia nini? Baba yake mzazi alianza hivi hivi. Mzee alikuwa fundi saa, mtu mwenye akili zake timamu, mpaka siku moja akauliza ni nani aliyemsogezea kitanda. Hakuna aliyekuwa amekigusa. Baada ya kitanda vikafuata viatu ndani ya sufuria, na mwisho akamwuliza mwanawe, kwa adabu kabisa, kama wanafahamiana.

Basi Bwana Sentimita aliogopa. Aliogopa kulala, asije akawa ni yeye mwenyewe anayeamka na kusogeza vitu kisha akasahau. Aliogopa kuingia sebuleni asubuhi. Zaidi ya yote aliogopa siku ambayo mkewe angegundua, aanze kumtazama kwa huruma kama mama alivyokuwa akimtazama mzee.

Leo mchana kweupe aliamua kujipima mwenyewe. Mkewe alikuwa jikoni, mlango umefungwa, redio inaimba. Alipima kila kitu pale kilipokuwa, akazinong'oneza namba kwenye simu. Kisha, akivinyanyua kimoja kimoja ili visikwaruze sakafu, alivirudisha vyote kwenye namba zake za zamani. Akalikunjua bawa la meza. Akalitandaza zulia. Kikisogea kitu tena, atakuwa na uhakika.

"Maji yanachemka," mke aliita kutoka jikoni. "Nikuletee chai?"

"Lete," alijibu, akaketi kwenye kompyuta yake mwishoni mwa sebule, uso ukutani.

Alifungua mchoro wa nyumba. Akaisikiliza simu, na kila kitu akakiandikia namba za pale alipokikuta, kwa rangi nyekundu. Kiti kikaruka. Cherehani ikaruka. Kabati la viatu likafuata, na kapu. Meza akaipunguza upana, zulia akalikata nusu.

Kisha akasogea nyuma kutazama.

Akiwa amesimama sebuleni alikuwa ameona vurugu tupu. Kutoka juu haikuwa vurugu. Kutoka mlango wa chumba cha kulala kwenda jikoni, na kutoka jikoni kuja mpaka kwenye kiti alichokalia, vile vitu vyekundu vilijipanga mstari. Aliiamuru kompyuta ipime nafasi kati ya kiti na cherehani. Sentimita sitini. Cherehani na kabati, sitini. Kabati na kapu, sitini na moja. Na pale zulia lilipokunjwa na bawa la meza liliposhuka, njia ilikuwa wazi, haina cha kumkwaza mtu.

Moyo wake ulishuka mahali pake, akacheka peke yake kama mtu aliyeachiwa kutoka rumande. Mtu anayepoteza akili hapangi hivi! Huyu anayepanga ana akili zake, tena ana subira.

Alinyoosha mkono mbele ya kioo cha kompyuta kuona sitini inafika wapi. Ilifika pale mkono unapofika.

Akaukumbuka uzi. Akakikumbuka kidole kwenye ukingo wa kikombe.

Nyuma yake mlango wa jikoni ulifunguliwa. "Chai hiyo, Bwana Sentimita! Ya moto, inatokota!"

"Simama!" alipiga kelele, akageuka. "Simama hapo hapo!"

Jua la alasiri lilikuwa limejaa dirishani. Mkewe alisimama katikati ya mwanga huo, birika likifuka mvuke mkono wa kulia, macho wazi, akilitabasamia pazia badala ya mumewe. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaachia mlango na kunyooka pembeni, ukikitafuta kiti kisichokuwepo tena hapo, na mguu ulikuwa tayari kwenye ukingo wa zulia.