Taa ya Mutsamudu

Chipu ya kwanza ya kisanduku kilichounganishwa na simu ya nyumbani iliungua siku ileile Tadjidine alipopiga. Mkewe Bahiat, fundi wa friji na redio mjini Moroni, aliinusa akacheka. Umeme unaoliza kengele ya simu si wa kuchezea, na kichipu kile kilizoea chakula cha betri.

Safari ya pili akaweka optokapla katikati ya simu na chipu.

"Ndani mna taa na jicho," alimweleza Kaltoum, jirani yake. "Simu ikilia, taa inawaka, jicho linaiona na kuiarifu chipu. Chipu inahesabu."

"Na hizo pande mbili hazigusani?"

"Hata kidogo."

"Kama wewe na mumeo, shoga yangu!"

Bahiat alicheka, ila moyo ulimuuma. Kisiwa cha Nzwani kilikuwa kimejitenga, meli zimesimama, na Tadjidine aliyekwenda huko Mutsamudu kununua karafuu amekwama kwenye milio ya bunduki. Simu zinasikilizwa, alimwonya. Kila alasiri angeiliza mara tatu na kukata, maana yake yu hai. Bahiat asiipokee kamwe.

Ndiyo sababu ya kisanduku. Karakana ilikuwa uani, na mwenye nyundo hasikii simu. Ikilia mara tatu ikakatika, balbu nyekundu juu ya meza iliwaka, na Bahiat akapumua.

Mchana mmoja alikuwa akimsimulia Kaltoum habari za friji pekee lililowahi kumshinda. Lilikuwa la mwanamke aitwaye Djaouharia wa Itsandra, nje kidogo ya Moroni, jamaa wa mbali wa Tadjidine, na Tadjidine mwenyewe ndiye aliyemwomba akalitengeneze. Liligandisha vizuri, lakini kila lilipozima liligonga ko-ko, kisha likapiga mluzi kama birika.

Redio ikamkatiza. Simu zote kati ya Moroni na Mutsamudu zimekatwa tangu alfajiri.

Kaltoum akamshika mkono. Tadjidine angekuwapo angekuwa anakoroma. Habari za redio zilimletea usingizi.

Alasiri, balbu ikawaka.

"Kisanduku kimerukwa na akili," alisema Kaltoum.

Bahiat akakifungua, akapima waya baada ya waya. Kizima. Hapo ndipo hofu ilipomwingia hasa. Nani mwingine anaijua ishara yao? Labda wamemkamata, wamemtesa mpaka akasema.

Kesho yake hakuingia karakanani. Alikaa kando ya simu huku akimwombea mumewe, na ilipolia mara ya pili akainyakua.

Upande wa pili mtu alishusha pumzi. Nyuma yake, ko-ko, kisha mluzi.

Bahiat akaweka simu taratibu. Akajitanda leso, akachagua bisbisi kubwa kuliko zote, akatoka kusimamisha teksi.

"Itsandra, kaka," alisema. "Kuna friji sikulimaliza."