Jezi ya Pazia

Mwenyekiti wa klabu alilaza jezi ya kijani iliyopauka, yenye namba nne mgongoni, ndani ya kabati la vioo. Chini yake akasimamisha kibao: "Jezi ya kwanza ya timu yetu ya wanawake ya mpira wa kikapu. Zawadi ya klabu."

"Zawadi?" Bi Sikudhani, nahodha wa kwanza wa timu hiyo, aliinuka kwa mkongojo. "Mlitunyima uwanja, mkatunyima hata mpira. Tuliingia kwa dirisha lile, tukaiba pazia lenu, tukashona jezi. Andika kwamba tuliiba."

"Bibi, yaliyopita si ndwele."

"Ndwele ni hicho kibao chako. Nipe jezi yangu!"

Mwenyekiti hakusogea. Aliyesogea ni nahodha wa sasa, binti anayelipwa mshahara kwa kucheza. Akaitoa jezi, akamkabidhi bibi kwa mikono miwili.

Bi Sikudhani hakuondoka nayo. Aliitundika kwenye dirisha lile lile, ambalo halikuwahi kupata pazia jingine. Jua la alasiri likapenya kitambaa, na kivuli cha namba nne kikatua juu ya shati jeupe la mwenyekiti.