Hamu Aliyoachiwa Bi Zaituni

Katika mji mmoja, ukitimiza miaka hamsini uliachiwa hamu moja tu. Nyingine zote zilitolewa kliniki, ili uzee uwe mwepesi. Bi Zaituni, mchoraji, hakusita. Alichagua kuchora.

Jioni ya siku alipotimiza hamsini, akiwa ameshatoka kliniki, mwanawe Raya akampigia simu kutoka Maskati. “Mama, nimepata ruhusa! Nakuja Ijumaa!”

“Karibu, mwanangu,” alijibu, kama anavyowakaribisha wateja.

Raya akauliza, “Mama, hata kigelegele?”

Bi Zaituni akapiga kigelegele, kwa kuwa kimeombwa, kisha akarudi kwenye kazi yake. Ilikuwa picha ya Raya, aliyoianza tangu binti huyo aondoke. Yalibaki macho tu. Akachovya brashi, mkono ukimwasha kuchora. Akakaa mpaka rangi ikamkaukia, akijiuliza alikuwa anamchora binti huyu wa nini.